Baada ya Wimbo wa Tisa

Arusini siku hizi mimi hupewa kazi moja tu, na kazi yenyewe hainiletei marafiki. Hukaa mlangoni na kikapu cha ukili mapajani, na kila mwanamke anayeingia hutia simu yake humo kabla hajavua buibui. Mwezi uliopita, kwenye arusi ya hapa hapa mtaani kwetu Lamu, msichana mmoja aliyekuja na wenzake kutoka Nairobi aliing'ang'ania simu yake kana kwamba nimemwomba figo.

"Anti, si uniachie tu nichukue kavideo kadogo? Sekunde kumi. Niko na wimbo wake tayari wa kuweka juu."

"Tia kikapuni."

"Lakini anti, hakuna mtu ataona. Nikimaliza nitafuta."

Alitamka neno hilo kwa wepesi sana, mwana wa watu, hakujua limenichoma wapi. Nikamwambia mara ya pili atie kikapuni, na sauti ilinitoka kali kuliko nilivyokusudia. Akatia, akanibetulia mdomo, akaingia. Ndani ngoma ikachanganya, vigelegele vikapaa, nami peke yangu pale nje ya mlango nikahisi ile baridi mgongoni. Nikiwa ndani ya ukumbi vigelegele havinidhuru, napiga na vyangu. Nikivisikia kutoka nje ya mlango uliofungwa, hutamani kukimbia. Ngoja nikuambie kwa nini, mwenzangu, maana nimechoka kuitwa mkali na watu wasiojua.

Mtaani kwetu tulikuwa miongoni mwa nyumba za kwanza kuwa na televisheni na deki ya video. Si kwamba tulikuwa matajiri. Baba alikuwa akifanya kazi Arabuni, na mtu aliyekuwa Arabuni zama zile hakurudi mikono mitupu. Bibi, mamake baba, aliipokea ile televisheni kama anavyopokewa mgeni asiyejulikana ukoo wake. Aliitafutia mahali ndani kabisa, mbali na dirisha, akaishonea kitambaa cha kuifunika, na adhana ikilia alikishusha kitambaa hata kama mtu alikuwa katikati ya maneno. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alinifundisha vifungo vyote vya deki kabla hajaondoka, kwa sababu mama aliviogopa na bibi hakutaka hata kuvigusa. Basi nikawa fundi wa nyumba, na kiburi kikanikaa hasa.

Wewe uliyezaliwa juzi huwezi kujua ilivyokuwa kuuona wimbo kwa mara ya kwanza. Mpaka hapo wimbo ulikuwa kitu cha redioni, unausikia huku unakuna nazi au unachambua mchele, na mwimbaji unamchora mwenyewe kichwani. Halafu Jumamosi moja alasiri, kwenye kipindi cha muziki cha saa moja, nikawaona. Waimbaji wa rumba wamesimama mbele ya maporomoko ya maji yaliyopakwa rangi ukutani, suruali zao zimepanda hadi kifuani, na wasichana watatu nyuma yao wanazungusha viuno kwa hatua moja. Kundi la taarabu limekaa vitini kama watu wanaosubiri daktari. Bwana mmoja aliimba akitembea kandokando ya bwawa la kuogelea la hoteli, midomo yake ikichelewa nyuma ya maneno, na kipaza sauti mkononi hakina hata waya. Sisi tuliamini anaimba saa ile ile. Mama aliniuliza kama yeye naye anatuona.

Bibi alisema, "Wimbo ni wa masikio. Ukianza kuangaliwa, utataka na wewe uangaliwe." Tulimcheka chinichini. Alikuwa na maneno mengi ya namna hiyo, na tuliyapuuza mengi, lakini hili sijapata kulisahau.

Aliyezipenda nyimbo zile kuliko sisi sote alikuwa shangazi yangu, kitinda mimba wa bibi, mwenye miaka kumi na tisa hivi. Alikuwa akilala chumba kimoja nami, na alinukia asumini na moshi wa mofa, kwa kuwa mikate ya asubuhi ilikuwa zamu yake. Shangazi hakuweza kupita mahali penye mdundo akatulia. Alichekecha unga kwa mdundo, alifua kwa mdundo, na tukipanda darini kuanika mashuka alinionyesha hatua alizoziona Jumamosi, huku buibui limefungwa kiunoni na jicho moja likiuangalia mlango wa ngazi. Nilimpenda kupita kiasi. Nalisema waziwazi ili ujue nilichokiharibu.

Kwenye arusi ya mama yangu mdogo ndipo tulipoletewa mwanamke mwenye kamera, fundi kutoka Mombasa, tukamwita Bi Kamera. Siku ya wanawake hapana mwanamume anayekaribia nyumba, kwa hiyo wanawake huvua mabuibui, huachia nywele na kucheza wanavyotaka. Kamera ilileta shida mpya, na wanawake wakaitafutia dawa yao. Ilikuwa na taa kali juu yake. Kila Bi Kamera alipotaka kuiwasha, mwanamke mmoja wa makamo alipiga ukelele, "Taa!" Asiyetaka kuonekana alijivuta leso usoni au aliinama. Taa ikizimwa, leso zilishuka na kicheko kilirudi. Shangazi alikuwa karibu na ngoma. "Taa!" ya pili hakuisikia. Akaendelea kucheza katikati ya mwanga, nywele zimemwagika, kidevu juu, na Bi Kamera, ambaye naye alikuwa na macho, hakuiondoa kamera juu yake mpaka ngoma ilipokwisha.

Kanda ile ilikaa kwetu kwa sababu sisi ndio wenye deki. Wanawake wa mtaani walikuja kuitazama mchana, wanaume wakiwa kazini, na kila ilipofika pale pa shangazi walimpigia vigelegele upya. Mwenyewe hakupata kupaona hata siku moja. Aliona haya. Akisikia sehemu yake inakaribia alikimbilia jikoni amejiziba uso kwa mikono, akicheka, akatuachia sisi tumtazame.

Kisha ikaja posa kutoka Siyu. Mchumba alikuwa mwalimu wa madrasa, mtu wa watu wa dini, na ajabu ni kwamba shangazi alimtaka. Walikuwa wameonana mara mbili tatu nyumbani kwa jamaa, kwa adabu. Alimtumia makubadhi ya ngozi yaliyoshonwa huko huko Siyu, na shangazi aliyalaza chini ya mto wake juma zima kabla ya kuyavaa. Wanawake wa upande wa mume walipokuja kukata maneno walikunywa kahawa, wakala visheti, wakasifu nyumba, na mwisho wakasema wana ombi moja tu. Wamesikia mjini kuna kanda za arusi. Wao hawataki sura ya mke wao iwe ndani ya mashine ya mtu yeyote.

Bibi alitikisa kichwa kukubali bila kupepesa macho. Walipotoka tu akaniita.

"Kanda ya arusi i wapi?"

"Kabatini, bibi."

"Ifute. Isisalie kitu. Wasikia? Isisalie kitu."

Kuichoma aliona uchungu, kwa kuwa kanda zilikuwa adimu na hiyo alikuwa ameileta baba. Mama mdogo naye aliridhia, akasema heshima ya wifi yake ni bora kuliko picha. Kazi ikawa yangu. Kanda za video zilikuwa na kijipande cha plastiki pembeni ambacho kikivunjwa huwezi tena kurekodi juu yake. Cha kanda hii kilikuwa kimeshavunjwa, nikaliziba tundu lake kwa selotepu, nikangoja Jumamosi. Saa ya kipindi cha muziki ilipofika nilipanda darini nikauzungusha mwanzi wa antena mpaka picha ikatulia, nikashuka mbio, nikabonyeza kifungo chekundu. Bibi alikaa kwenye kiti cha enzi, kile cha mbao cha heshima, na tasbihi yake, ananichunga. Nyimbo tisa zikapigwa. Baada ya wimbo wa tisa ikaingia taarifa ya habari, mtu mwenye tai akaanza kusoma mambo ya mawaziri. Nikabonyeza kifungo cha kusimamisha. Nani anataka kurekodi habari?

"Ushafuta?"

"Nshafuta, bibi."

"Yote?"

"Yote."

Sikudanganya, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Mimi kufuta nilikujua kwa njia moja tu. Chuoni, madrasani kwa mwalimu wetu, tuliandika aya kwa wino kwenye ubao, na somo likishakaa kichwani tuliumwagia ubao maji. Huwezi kufuta mstari mmoja wa ubao ule. Ukigusa juu, wino unateremka, unachafua mpaka chini, na aya yote inakwenda. Nilidhani kanda nayo ni hivyo: kipya kikiingia, cha zamani chote kimekwenda na maji. Niliirudisha kanda nyuma, nikatazama mwanzo wake, nikaona rumba mahali alipokuwa amekaa bibi arusi, nikaridhika. Kanda ilikuwa ya saa tatu. Nyimbo zangu zilikuwa za saa moja.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya raha, na leo nikiikumbuka huwa nataka kuipigia kelele ikome. Kanda ya nyimbo tisa ikawa ndiyo starehe yetu. Sasa hatukungoja Jumamosi. Harufu ya samaki wa kupaka ikipanda kutoka jikoni, punda wakilia ujiani, mimi naweka kanda, na shangazi anakuja na mwiko mkononi kuutazama wimbo wa tano, ambao aliupenda kwa sababu ya mchezaji mmoja aliyeyumba kama anataka kuanguka na haanguki. Wimbo wa tisa ukikwisha niliizima haraka. Zilifuata zile chenga nyeupe na mvumo wake, na bibi aliuchukia mvumo ule, alisema ni sauti ya watu wasioonekana wakigombana. Kwa hiyo hatukupata kuisikiliza ikaendelea.

Nyuma ya nyumba yetu aliishi jirani tuliyemwita Bwana Video. Alikuwa mtu mpole, anavuta mguu mmoja, na alikuwa na chumba chenye mabao ya kukalia ambamo wanaume walitazama filamu baada ya sala ya alasiri. Nyimbo zetu alizisikia dirishani. Siku moja alinikuta mlangoni nikimwaga maji ya samaki, akaniamkia kama mtu mkubwa, akaniuliza kama Bi fundi anaweza kumwazima ile kanda nzuri siku moja tu, anakili nyimbo za kuwachangamshia watu kabla ya filamu. Bi fundi! Nilivimba kichwa. Nikaingia, nikaitwaa kanda, nikampa bila kumuuliza mtu.

Alikuwa na deki mbili. Aliziunganisha, akabonyeza, akaenda zake msikitini, kanda ikajinakili yote mwanzo hadi mwisho bila mtu kuitazama. Na kwa kuwa nyimbo zilipendwa, nakala aliyobaki nayo akainakili tena na tena kwa wateja wake. Nilikuja kujua baadaye kwamba moja ilikwenda Faza, moja Chundwa, na nyingine alipewa nahodha wa Mkokoni. Yetu aliirudisha kesho yake na kunishukuru.

Ilikuwa alasiri moja siku kumi na nane kabla ya arusi ya shangazi. Mama na shangazi walikuwa wamekwenda kwa mshonaji, bibi amelala. Niliweka kanda, nikatazama nyimbo za mwanzo, kisha nikaenda jikoni kukuna nazi, nikasahau. Nazi ya pili nilikuwa sijaimaliza niliposikia vigelegele. Nilidhani ni jirani. Kisha nikatambua vinatoka ndani kwetu, na kifuu kikaniponyoka. Nilikimbia. Kwenye kioo, baada ya chenga, baada ya nyimbo zangu tisa, arusi ilikuwa inaendelea kana kwamba hakuna aliyeigusa. Shangazi alikuwa anacheza, nywele zimemwagika, kidevu juu. Nilizima. Nilikaa sakafuni na makuno ya nazi vidoleni, na jambo la kwanza nililoliwaza si kanda ya nyumbani. Niliwaza ile iliyoko ng'ambo ya ukuta.

Ya nyumbani niliimaliza Jumamosi iliyofuata. Nilirekodi nyimbo, nikarekodi mawaziri, hali ya hewa, kipindi cha kilimo, kila kitu mpaka kanda ikajikatia yenyewe. Bibi alinitazama akasema leo nimekuwa mtu mzima, napenda habari.

Lakini nakala ya Bwana Video ningefanyaje? Nimejiuliza swali hili maisha yangu yote. Kumwambia aikate baada ya wimbo wa tisa ni kumwambia mwanamume kuna mwanamke mule ndani. Kumwambia bibi ni kumwambia jibu nililompa halikuwa kweli, na kwamba kanda niliitoa nje ya nyumba kwa mkono wangu. Kumwambia shangazi sikuweza, alikuwa na furaha mno. Nikanyamaza. Na kunyamaza kwangu kukawa kazi ya kila siku. Baada ya alasiri nilijipa visababu, mara natumwa chumvi, mara nampeleka jirani bakuli lake, nikapita ujia wa nyuma nikasimama karibu na dirisha la chumba cha video, ambalo liliwekwa pazia zito. Nilihesabu nyimbo. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwa kawaida wa tatu au wa nne ukikwisha, Bwana Video aliingiza filamu, nami nikapumua, nikaenda nyumbani kula chakula kisicho na ladha. Siku moja alifika wa saba. Nilijiegemeza ukutani nikasoma kila dua niliyoijua.

Usiku sikulala vizuri. Shangazi pembeni yangu alinisimulia Siyu, nyumba watakayokaa, jinsi atakavyonichukua wakati wa likizo. Nilijibu "ee" na "ee" tu.

Zilisalia siku sita. Siku hiyo filamu ya Bwana Video ilikuwa inatoka Mombasa, na boti la kutoka Mokowe likachelewa. Wanaume walikuwa wameshakaa. Akawaambia wastahamili, wasikilize muziki, yeye anateremka gatini mara moja kuuliza. Nilimwona akipita na mguu wake, akanitabasamia. "Bi fundi, nyimbo zako zafanya kazi."

Nikasimama pale dirishani na sahani ya viazi vya karai niliyotumwa kuipeleka kwa jirani. Wa nne. Wa tano, ule aliopenda shangazi, na ndani mtu mmoja akapiga makofi kufuatisha mdundo. Wa sita. Wa saba. Wa nane ulikuwa taarabu, mrefu, na nilimwomba Mungu usikwishe. Wa tisa ukaanza. Nilitazama upande wa gatini kama Bwana Video anarudi. Nilifikiria kupiga ukelele wa moto, nikaogopa watatoka wanikute pale. Wa tisa ukakwisha.

Zikaja chenga, na mvumo ule. Mtu akasema, "Izimeni hiyo." Mwingine akasema, "Wata, ngoja, huenda kuna nyingine."

Kisha vigelegele.

Najua ulichokitarajia, kwamba wangecheka au wangepiga mbinja. Wangecheka ingekuwa nafuu. Walinyamaza. Chumba kizima cha wanaume waliozoea kuzozana na waigizaji wa filamu kilinyamaza kimya, na nyuma ya pazia ikasikika ngoma ya wanawake peke yake, na vifijo vya mama yangu, na sauti ya bibi mwenyewe akiimba. Sijui ilichukua muda gani. Nilihesabu pumzi zangu kama nilivyozihesabu nyimbo. Halafu sauti ya mtu mzima, ya chini, ikauliza, "Huyu si mwana wa nyumba hini ya mbele?" Bao likaanguka, mtu akachomoa waya, na wanaume wakaanza kutoka mmoja mmoja, macho chini, wakinipita pale nilipo. Viazi vyote vilikuwa vimemwagika. Paka walikuwa wanavila.

Habari ilifika Siyu kabla hata sisi hatujaambiwa. Wanawake wale wale walikuja siku ya pili, wakakaa mahali pale pale. Kahawa hawakuigusa. Waliongea kwa upole sana, hawakumtukana mtu, wakasema tu kwamba kijana wao ameona ni bora kila mtu ashike ndia yake. Shangazi alisikia yote akiwa nyuma ya pazia la mlango. Walipoondoka alirudi jikoni, akachuja tui, akapika, akatupakulia sote, akaosha vyombo. Alipomaliza alikwenda chumbani akayafunga makubadhi ndani ya leso ili yarudishwe.

Lawama zikamwangukia Bwana Video. Bibi alikula yamini kwamba kanda ilifutwa, aliona kwa macho yake, na kwamba mtu yule aliichukua kwetu kwa siri na ana mashine ya kufukua vilivyofutwa. Watu walimwamini, maana nani aliyejua? Wazee wa mtaa walimwendea chumba kifungwe. Kabla hajahama alikuja mlangoni kwetu, akasimama nje, akamwambia bibi, "Ni makosa yangu, Bi. Mulango ulikuwa wangu na kanda ilikuwa kwangu. Nisameheni." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya bibi na sinia mkononi. Aliniangalia mara moja. Nilijua anajua ni nani aliyempa, na alijua namuomba asiseme. Hakusema. Akaenda Mkokoni kutengeneza mashine za boti, na huko ndiko alikofia. Sikupata kumwomba radhi.

Na shangazi hakucheza tena. Hakuna aliyemkataza. Alikaa miaka akishona kofia, kisha akaolewa Chundwa na mtu aliyefiwa na mkewe, mwenye watoto wakubwa, mtu mwema lakini si yule. Shangazi alipofiwa na mumewe akarudi hapa mjini. Arusini akienda hukaa karibu na mlango, mikono mapajani, na ngoma ikichanganya hukitazama kidole chake cha shahada kikianza kutikisika, akakifunika kwa mkono wa pili.

Mambo mengine unayajua, umeyaona pia. Kanda zikaja zikafa, zikaja zile sidii ziking'ara kama sahani, nyimbo za vijana zenye magari ya kuazima na miwani ya jua ndani ya nyumba. Vijana wetu nao wakaanza kujipiga picha ukutani kwa bahari, wakijiita wasanii. Sasa kila simu ni kamera, ni televisheni, ni chumba cha video chenye mabao yasiyo na mwisho. Wasichana wanajirekodi wenyewe wakicheza, wanaweka wimbo juu, na kabla wali haujaiva wameonwa na watu wa nchi wasizozijua. Hakuna tena anayengoja Jumamosi. Hakuna anayepiga ukelele wa "Taa!", kwa kuwa simu haina taa ya kumwonya mtu. Deki yetu iliota kutu kwa hewa ya chumvi, bibi na mama wametangulia mbele ya haki, na nyumba ile imeuzwa kwa wageni walioigeuza hoteli. Nikipita ujia wa nyuma nakuta dirisha limezibwa kwa saruji.

Mwaka huu nilimwambia shangazi. Tulikuwa wawili, yeye na sindano yake na kofia iliyobaki viua vichache vya kudarizi, na wajukuu zake wa kambo walikuwa wamemwachia simu inayopiga nyimbo za zamani. Ukapita ule wa tano. Nikaona kidole kinatikisika, na moyo ukanishinda. Nilimwambia yote, kuanzia ubao wa chuoni mpaka viazi, nikilia kama mtoto. Nilingoja anifukuze.

Alishona kiua kizima kabla hajasema.

"Wanaume wangapi waliiona?"

"Sijui, shangazi. Kumi. Kumi na watano."

"Na miye siyaiona." Aliitoa miwani akaifuta kwa leso, akaivaa. "We uliiona. Niambia kweli. Naliteza uzuri?"

Nilimwambia sijapata kuona mtu akicheza vile, si kwenye kipindi cha Jumamosi wala kwenye simu hizi. Akaniuliza nywele zilikuwa zimefikia wapi. Nikamwonyesha kwenye mgongo wake mwenyewe. Mkono wake ukaja ukanishika kifundo cha mkono, ukakaza kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Basi itafute," alisema.

Naitafuta. Kuna vijana wanaochukua kanda za zamani na kuzihamishia mitandaoni, nami huzitazama moja baada ya moja mpaka sekunde ya mwisho, roho mkononi. Nyingi hukatwa wimbo ukikwisha tu. Zikifika chenga huwa sipumui, kwa sababu naogopa kuiona humo ikiwa imeshatazamwa na maelfu, na naogopa vilevile nisiione kabisa, na macho ya shangazi yanafifia kila mwezi. Nimetuma watu Faza, nimetuma Chundwa. Kesho nakwenda Mkokoni mwenyewe.

Na wewe, mwenzangu, kama kuna kabati kwenu lina kanda ya zamani ya nyimbo tisa, wa tano wa rumba na wa nane taarabu mrefu, usiitupe. Iweke, na wa tisa ukikwisha usiizime, stahamili ule mvumo. Lakini kwanza watoe wanaume, ufunge mlango.